Anataka Damu

Wajukuu zangu wakitaka kusafiri huulizana basi gani lina dereva asiyesinzia, na kama mikanda ya viti inafungika. Nawasikia tu. Enzi zetu njia ya Handeni kwenda Korogwe hatukuiogopa kwa sababu ya dereva wala breki. Tuliwaogopa watu waliokaa kando yake, na wao wakatuogopa sisi tuliokuwa ndani ya gari. Hofu mbili zikikutana njiani, jamani, lazima mtu aumie.

Nilikuwa fundi cherehani. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo pale Handeni, Mwislamu mwenzetu, mzaliwa wa pale pale, aliyekijua Kizigua kuliko vijana wetu wengi wa mjini. Nilimwita tajiri, naye akaniita fundi, na kila siku ya Mungu tuligombana juu ya uzi: yeye alisema nautupa, mimi nikasema ananipa uliooza. Alikuwa na gari jekundu la mgongo mrefu, alilolitumia kuleta majora ya khanga kutoka Tanga. Vioo vya nyuma vilikuwa na mapazia mazito. Niliyashona mwenyewe, ili jua lisichujishe nguo njiani. Hakukuwa na sababu nyingine ya yale mapazia, na natamani ningeweza kumwambia hivyo kila mtu wa wakati ule.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakikaa mbali mbali, kila mmoja na shamba lake na makaburi ya wazee wake, waliletwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Sisemi ilikuwa vizuri wala vibaya. Shule zilikuja, maji yalifika mahali, mahali pengine hayakufika mpaka leo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kusikia gari kwa mbali, sasa lilimpita mlangoni, vumbi lake likatua kwenye uji wa watoto. Jirani wa kulia hamjui, wa kushoto hamjui. Hapo ndipo lilipozuka neno la mumiani.

Mumiani, wengine wakimwita chinjachinja, alisemwa kuwa ni mtu apitaye na gari, akawakamata watu na kuwanyonya damu, damu hiyo ikauzwe itengenezwe dawa. Sikuwahi kumwona, wala sikuwahi kukutana na aliyemwona. Siku zote alionwa na shemeji ya mtu fulani. Lakini mwaka ule uvumi ulishika kama moto wa kiangazi. Ikasemwa kwamba gari lake ni jekundu, lina mapazia, na halisimami.

Basi wenye magari nao wakaingiwa na woga, maana yapo magari yaliyopigwa mawe. Wakawa wanapeana tahadhari pale dukani kwa tajiri, mbele ya cherehani yangu: funga vioo, usimpe mtu lifti, usiitikie ukiitwa, na ukiona kundi la watu kanyaga mafuta. Wenye subira walizunguka kwa Segera, njia ndefu lakini yenye vijiji vichache. Siku moja mama yangu alikuwa amekuja kuniletea chakula, akawasikia. Mama alikuwa na ulimi. Aliwauliza wale wanaume wazima, gari lipitalo mlangoni kwa watu bila hodi wala salamu, vioo vimefungwa, wao wenyewe wangeliitaje? Walicheka kidogo, wakarudi kwenye mafuta na matairi yao.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa trekta huko kusini, mbali, kwa hiyo alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama. Ulimi wa mama alikuwa ameurithi wote, na wa ziada. Alinitania tangu utoto kwamba mimi ni mwanamume pekee Handeni nzima anayeogopa sindano ilhali anaishi kwa sindano. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, mzima kabisa, ambaye leo ndiye mama wa wajukuu hawa ninaowasema. Lakini kondo la nyuma lilitoka vipande vipande, na damu ikakataa kukatika. Tulimbeba kitandani mpaka zahanati. Mganga wa pale alifanya alichoweza, nilimwona jasho likimtoka mpaka kwenye kidevu. Kisha akatutoa nje, akatuambia kwa kifupi: "Mgonjwa anataka damu. Mfikisheni Korogwe, na muondoke sasa hivi." Mambo ya kutiana damu yalifanywa kule.

Nilikimbia dukani. Tajiri alikuwa anampimia mwanamke kitambaa. Sikumaliza hata sentensi. Aliweka mkasi chini, akachukua ufunguo, akamwomba radhi mteja, akafunga duka mchana kweupe. Mtu huyo aliyegombana nami juu ya uzi alitandika nyuma ya gari jora zima la kitambaa kipya, bila kuambiwa, ili mdogo wangu alale pazuri.

Mtoto tulimwacha kwa jirani aliyekuwa akinyonyesha. Mama alikaa nyuma na kichwa cha binti yake mapajani. Mimi nilikaa mbele na tajiri. Tulipotoka mjini akapunguza mwendo, akatuuliza tuzunguke kwa Segera au tukate moja kwa moja kwa njia ya Sindeni. Alijua alichokuwa anauliza. Nilimgeukia mama. Mama alikuwa ameweka kiganja chake chini ya khanga, akakitoa, akakitazama. Akasema tupite fupi.

Tulipita vijiji viwili salama. Watu walitutazama tu, watoto wakakimbilia ndani. Kijiji cha tatu sitakitaja. Waliokuwapo wana watoto, na watoto hawana kosa. Tulikuta magogo barabarani, na nyuma ya magogo wanaume wengi, na mapanga, na mawe yameshikwa tayari mkononi. Hapakuwa na pa kupita. Tajiri alisimamisha gari, akashusha kioo nusu.

Aliyekuja mbele alikuwa mwanamume wa makamo, fulana imetoboka begani, panga mkononi. Alituuliza tumebeba nini, akatuita ndugu. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu, hata yule uliyekuwa tayari kumvunja mguu. Na tajiri wangu, mtu wa maneno elfu dukani, aliyeweza kumuuzia kipofu kioo, hofu ilimkausha. Alitafuta neno, akaona lile tuliloambiwa zahanati tu. Akalitoa kama lilivyo.

"Mgonjwa anataka damu," alisema.

Mnajua wenyewe Kiswahili chetu. Kuhitaji na kutamani, vyote tunaviita kutaka. Mganga aliposema mgonjwa anataka damu tulimwelewa, maana tulikuwa na mgonjwa. Lakini wafikirieni watu walioambiwa mwaka mzima kwamba gari jekundu lenye mapazia litakuja kutafuta damu. Likaja gari jekundu lenye mapazia, na dereva, kwa kinywa chake, akasema hivyo hivyo. Nilisikia neno likipita kutoka mdomo hadi mdomo kuelekea nyuma: anataka damu, wamesema wenyewe, anataka damu.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha nyuma, upande wa mama. Milango ikafunguliwa. Pazia likavutwa likachanika, na wote wakaona mwanamke amelala, midomo myeupe, nguo zimelowa damu. Kila walichoambiwa kwamba watakiona, walikiona. Tajiri alivutwa nje, shati likabaki mikononi mwa watu. Mimi nilikabwa kola. Niliwachukia siku ile, na sitawadanganya, kipande cha chuki hiyo ninacho mpaka leo. Mdogo wangu alikuwa anakwisha, dakika kwa dakika, na wao wanabishana tufungwe kwa kamba gani.

Mama alishuka. Aliondoa vipande vya kioo kwenye khanga yake, akaanza kusalimu. Kwa Kizigua, taratibu, kama mtu aliyefika msibani: wazee kwanza, kisha wanaume, akauliza hali za nyumbani. Adabu ni kitu cha ajabu. Watu wenye mawe mkononi walijikuta wanaitikia. Alipomaliza akasema hana neno na wanaume. Aliomba mwanamke mmoja tu aliyewahi kuzaa aje atazame ndani ya gari.

Akaja bibi mmoja mkunga, mwembamba, wanaume wakampisha. Aliinua khanga mara moja, akaifunika. Akawaambia huyu amejifungua leo, anatokwa, waondoe magogo.

Wengine walianza kusogea. Yule mwenye panga akakataa. Alisema hata kama ni mzazi, na hiyo damu wanayoitaka ni ya nani, na wanaipata wapi? Nikiri kwamba swali lake lilikuwa zuri. Bibi alimgeukia.

"Wewe unayejua yote," akamwambia, "panda. Nenda ukaone damu inakokwenda, urudi utuambie. Usiporudi, nasi tutajua."

Mke wa yule mwenye panga, aliyekuwa nyuma ya watu, alianza kulia kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani. Nimeona watu wakijiita mashujaa kwa mambo madogo sana. Yule bwana aliamini kwa moyo wake wote kwamba anaingia katika gari la mumiani, na aliingia. Akakaa nyuma, miguuni pa mdogo wangu, panga kati ya magoti.

Hatukuwa tumekwenda mbali mama akaanza kumtuma. Alimwambia asikae kama gunia, aishike miguu ya mgonjwa aiinue juu, damu ipande. Alisitasita, kumshika mwanamke asiyemjua. Mama akamkaripia kama anavyomkaripia mwanawe. Panga likaanguka sakafuni, akaishika miguu ile kwa mikono miwili, akaishikilia hivyo hivyo, njia nzima ya mashimo, mpaka tukavuka daraja la Korogwe.

Hospitali walimpokea mbio. Muuguzi akaja kuuliza ndugu wa mgonjwa ni nani, akaanza kutupima. Yangu haikulingana. Ya tajiri haikulingana. Alimwomba muuguzi arudie kupima, kana kwamba damu inaweza kubadili nia. Mama alikuwa na umri mkubwa, walimkataa. Muuguzi akamgeukia yule bwana aliyekuwa amesimama pembeni, nguo zimejaa damu ya mdogo wangu. Akadhani ni wetu. Akamtoboa kidole kabla hatujasema lolote, akaenda. Aliporudi akasema ya kwake inafaa.

Sitausahau uso wake. Huyu ni mtu aliyelala nje siku nyingi na panga, akilinda asitokee mtu wa kuchukua damu ya kijiji chake. Sasa amesimama ndani ya nyumba yenye harufu ya dawa, mbele ya mwanamke mwenye sindano, na hakuna aliyemkamata. Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwa kati yake na mlango, nikasogea, ili asije akasema tulimlazimisha. Mama alikuwa amekaa sakafuni akilia bila sauti.

"Ikitoka kwangu, nitaiona ikiingia kwake?" aliuliza.

Muuguzi akamwambia ataiona kwa macho yake.

Akalala, akanyoosha mkono, akageuzia uso ukutani. Walipomaliza, damu ilikuwa kwenye chupa ya kioo. Aliinuka kabla ya kuruhusiwa, akaifuata ile chupa mpaka wodini, akasimama chini yake ikitundikwa. Alisimama pale ikidondoka tone kwa tone mpaka ikaisha. Alikuwa amelirudia panga lake kwenye gari, sijui lini, na alikuwa nalo wodini, na hakuna muuguzi aliyethubutu kumwambia kitu.

Alasiri mdogo wangu alifumbua macho. Rangi ilikuwa imerudi kidogo mdomoni. Aliniuliza kwa kunong'ona yule mwenye panga ni nani. Nikamweleza, kwa ufupi. Akafikiri, kisha akasema nimpe asante sana, ila panga akaliweke nje, maana yeye leo hana nguvu za kukimbia. Yule bwana alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka, na meno yake yalikuwa mazuri. Alitoka akaliweka nje. Niliamini kabisa tumeshinda, nikamwambia tajiri kesho nitamshonea mapazia mapya bure.

Jioni hali ikageuka. Daktari alituita kando. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba mgonjwa alimwaga damu nyingi mno kabla ya kufika, na mwili umechoka. Yule bwana alikuwa amesimama nasi, alisikia kila neno. Nilimgeukia. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nilitaka kumwambia, ni magogo yako, hayo ndiyo yaliyomwaga. Nilitaka neno hilo limchome maisha yake yote. Mama alinishika mkono, akaufinya kwa nguvu, akanitazama. Nikalimeza. Lakini nilipomwona amekaa chini kwenye ule ukumbi, mgongo ukutani, mkono wenye plasta umelala pajani, nikajua kwamba hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Alifariki kabla ya jua kuchomoza.

Tulirudi naye kwa njia ile ile. Tajiri aliuliza tena kuhusu Segera, mama akatikisa kichwa. Yule bwana safari hii alikaa mbele, na mimi nyuma na mama na maiti yetu. Kijijini kwake magogo yalikuwa yameondolewa. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara wakisubiri. Akamwambia tajiri asimame, akashuka, akakunja mkono wa shati tulilompa kule hospitali, akawaonyesha plasta.

Minong'ono ikaanza. Wakaona plasta, wakaona maiti. Mmoja akasema kwa sauti kwamba haya, si tulisema, wamemnyonya. Mke wa yule bwana alimkaribia, akasimama hatua chache kando, akaogopa kumgusa.

"Hawakuchukua," mumewe alisema. "Nimetoa mwenyewe. Na nimeiona ikiingia. Tulimchelewesha sisi, basi."

Bibi mkunga peke yake alisogea, akamshika mama mkono kwenye dirisha lililovunjika, wakalia pamoja kidogo. Yule bwana akamwambia mkewe anakwenda kuzika, akarudi kwenye gari. Tulipoondoka nilitazama nyuma. Walikuwa bado wamesimama, na mke wake amekaa chini barabarani.

Tulizika alasiri ile ile. Kwa desturi yetu, wanaoshuka kaburini kumpokea mwanamke ni watu wake: mume, na wale ambao ni haramu kumwoa, kama kaka na mjomba. Mume alikuwa bado njiani. Nilishuka mimi, akashuka mjomba, ambaye alikuwa mzee na magoti mabovu. Akatakiwa wa tatu. Mwalimu wa madrasa aliita jina la baba yetu mdogo, naye hakuwapo. Watu wakatazamana. Ndipo yule bwana akapenya katikati yao, amevua makatambuga yake ya matairi tayari, akasimama ukingoni.

Mwalimu alimzuia kwa mkono, kwa upole. Aliuliza huyu ni nani kwa marehemu. Waombolezaji wengi walikuwa wameshasikia habari ya magogo, na niliona wakikaza nyuso. Mtu mmoja nyuma alisema huyo akae mbali, inatosha. Wote wakanitazama mimi kule chini, maana mimi ndiye kaka, na neno lilikuwa langu. Chuki niliyokuwa nayo ilikuwa bado nzima.

"Mwalimu," yule bwana alisema. "Mwalimu, ndani ya sanda hiyo imo damu yangu. Niacheni niizike."

Mwalimu alinamisha kichwa. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwani, mahali pa kaka. Nikasogea miguuni, nikampisha.